Amplifaya ya Mtani Wangu

Habari ya kifo chake niliipata Shelui, nikiwa kwenye hoteli ya chai nasubiri lori lishushe mizigo ili tuendelee na safari ya kurudi Singida. Redio ya hoteli ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, betri zimechoka, na msomaji wa matangazo ya vifo alisikika akizama na kuibuka. Nikasikia jina la mtani wangu, jina la baba yake, duka lake la nguo karibu na soko, na kwamba anazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Nikamwomba mwenye hoteli aongeze sauti, akaniambia ndiyo mwisho wake hapo. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, msomaji wangu, Mungu anisamehe, halikuwa dua. Niliwaza kwamba marehemu angekuwepo angesema redio ile imepungua upande wa kushoto.

Nilimwambia dereva nina msiba, tuondoke. Akasema, ndiyo mzee, sasa hivi, kisha akaagiza chapati nyingine. Nilimuuliza kama tutawahi alasiri. Akasema tutawahi mzee, usiwe na wasiwasi, ingawa jua tulikuwa tunaliona wote wawili na barabara ile anaijua kuliko mimi. Tulifika mjini watu wanarudi kutoka makaburini, wanapangusa udongo mikononi. Kama angeniambia tangu mwanzo kwamba hatutawahi, ningetafuta gari jingine. Lakini mimi nina mvi na yeye ni kijana mwenye adabu, na kwetu adabu siku hizi ni kumwambia mzee kile anachopenda kusikia. Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima, na nimeona niimwage hapa kwa sababu marehemu naye adabu hiyo iliwahi kumgharimu, tena pakubwa kuliko maziko niliyoyakosa mimi.

Kwa wasomaji ambao utani kwenu umebaki kwenye vitabu, nieleze kidogo. Mimi ni Mnyamwezi wa upande wa Nzega. Yeye alikuwa Mzigua, ingawa alizaliwa hapa hapa Singida, kwa baba aliyekuja kununua ngozi na asali, akaoa, akajenga, asirudi tena. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuingia dukani kwake, nikakaa kwenye kiti chake na kuwaambia wateja kwamba kitenge hiki kitachuja. Mkewe nilimwita mke wangu mbele yake. Nilimwambia usoni mambo ambayo watoto wake wasingethubutu hata kuyanong'ona, naye kununa hakuruhusiwa, kwa sababu mtani anayenuna ameshindwa. Yeye pia hakuniacha. Safu hii alikuwa anaisoma, kisha ananiambia: "Nimefika katikati, Mnyamwezi, usingizi ukanishika. Iliyobaki nimemfungia mtu sabuni." Wengine wote mjini huniambia makala zangu ni nzuri.

Sasa nije kwenye hiyo amplifaya. Ujanani mtani wangu alipiga gitaa la pili katika bendi moja ya hapa mjini, mpaka baba yake alipompokonya gitaa na kumsimamisha nyuma ya meza ya duka. Hakulishika tena, ila santuri alizinunua. Alikuwa na sanduku la mbao limejaa santuri za dansi, nyingine zile za baadaye zilizorekodiwa pande mbili, tarumbeta zinatoka kulia na gitaa la pili linatoka kushoto. Aliposikiliza hakuwa na habari na mwimbaji. Alikaa anafuatilia gitaa la pili, kidole chake kinagonga mkono wa kiti. Halafu ikaja ile miaka ya kukosa vitu, amplifaya yake ikafa, na vipuri havikuwepo Singida, havikuwepo Dodoma, wala kokote alikoulizia. Santuri zikakaa kimya sandukani miaka mingi, kwa mtu ambaye hakuwa na starehe nyingine. Aliniambia siku moja kwamba milango ya biashara ikifunguliwa hatanunua kitanda wala baiskeli kabla hajanunua amplifaya ya kusikilizia nyumbani.

Milango ikafunguliwa. Wengi wenu mnakumbuka jinsi ilivyokuwa: leo dukani kuna chumvi na viberiti tu, kesho kutwa kuna rangi za kucha. Vikaingia vyombo vipya vya muziki, vya plastiki, vina taa zinazokimbizana kama disko na vitufe vingi kuliko nyimbo alizonazo mwenye kuvinunua. Mtani wangu hakuvitaka hata kuvigusa. Alitaka za zamani, zile za chuma na mbao, ambazo nazo zilianza kuonekana kwa njia zake: nyingine zimeletwa kama mitumba kutoka Uarabuni, nyingine zimeachwa na Wazungu wa miradi waliorudi kwao, nyingine zimetolewa kwenye baa zilizofilisika. Na namna yake ya kuchagua, niliyokuja kuiona baadaye, ilikuwa inachosha kutazama. Alikagua amplifaya kama watu wa huku wanavyokagua ng'ombe wa mahari. Kwanza aliinyanyua, kwa sababu nyepesi, alisema, haina transfoma ya maana ndani. Kisha alifumba macho akazungusha kila kinobu. Kikikwaruza alisamehe, hilo ni vumbi, linasafishika. Kikizunguka chenyewe bila kushika, alikataa. Aliinusa kwenye matundu ya juu, maana transfoma iliyowahi kuungua harufu yake haiishi. Aligeuza nyuma kusoma inataka umeme wa kiasi gani, kwa kuwa nyingi za Kijapani hazitaki hata nusu ya umeme wetu, na jirani yake sokoni alichomeka moja ikatoa moshi kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Mwisho iliwashwa bila muziki, naye akainama na kutega sikio la kulia kwenye spika asikie kama inanguruma. Hapo ndipo alipotoa kaseti yake mfukoni.

Mimi sikuwepo miaka hiyo ya mwanzo. Kazi ya ushirika ilinipeleka Tabora, na nikarudi pale ushirika wenyewe ulipoanza kuyumba na sisi tukapunguzwa. Niliporudi kwenye nyumba yangu ya Mandewa nilikwenda kumsalimu, nikakuta sebuleni kwake amplifaya zimepangwa ukutani kama matofali, nyingine juu ya nyingine, hadi usawa wa dirisha. Nilimuuliza kama amehama kutoka nguo kwenda vyuma chakavu. Akasema zote ni nzuri ila zina ugonjwa mmoja. Upande wa kushoto unapungua. Kila anayoinunua inafanya kazi siku chache, halafu kushoto kunaanza kunyauka, mpaka gitaa la pili linapotea kabisa. Fundi ameshazifungua zote. Nikamuuliza fundi anasemaje. Anakubali, akasema, anakubali kwamba kushoto kumepungua.

Ingekuwa siku nyingine ningemwambia papo hapo kwamba amplifaya za viwanda mbalimbali, zilizotoka nchi mbalimbali, haziwezi kukaa kikao na kukubaliana kuugua upande mmoja. Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi, na kabla sijaketi vizuri alishanipakia kwenye pikapu ya shemeji yake twende Kintinku, ambako alisikia kuna amplifaya ya Mzungu wa mradi wa maji. Mzungu huyo aliondoka akamwachia mpishi wake vyombo vyote. Kijijini kwa mpishi umeme haukuwepo, hivyo amplifaya ilikaa miaka na miaka imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake limewekwa kopo la maua ya plastiki. Mpishi alishafariki, na mwanawe, mtu mzima mwenye watoto, ndiye aliyekuwa anaiuza. Mtani wangu aliinyanyua akatabasamu. Ilikuwa nzito kama gunia la ulezi, uso wake wa chuma kinachong'aa, mbavu za mbao, na pembeni ina swichi ndogo ambayo hakuna aliyejua kazi yake.

Palihitajika umeme wa kuijaribia. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na jenereta, tukaibeba amplifaya hadi pale na spika tulizokwenda nazo. Basi fikiria, msomaji: mashine ya kusaga inanguruma, jenereta inapiga kelele, akina mama wanaitana kwa sauti ya juu, unga unatuangukia vichwani, na mtani wangu amekaa juu ya debe kati ya spika mbili, amefumba macho. Wimbo ulipofika kati alifumbua na kupaza sauti, "Kushoto imepungua." Mimi nilikuwa siisikii hata hiyo ya kulia. Mwana wa mpishi, ambaye alimwamkia shikamoo kwa kuinama mpaka karibu na magoti, akasema ndiyo mzee, naona kidogo imepungua. Mwenye mashine ya kusaga akasema ni kweli mzee. Mzee mmoja tu wa Kigogo, aliyekuja kusaga mtama wake, aliuliza kwa nini tusizime mashine kwanza, lakini wakamwambia kuna foleni. Amplifaya ikanunuliwa na ugonjwa wake, eti fundi ataitibu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nang'ata meno.

Huyo fundi nilikwenda kumwona mwenyewe, kwenye kibanda chake karibu na stendi. Ni mtu wa Iramba, mpole, mikono yake mizuri na kazi yake anaijua. Nilimuuliza ile amplifaya ya Kintinku ina nini kushoto. Akaangalia risasi yake ya kulehemu. Akasema ameifungua, amepuliza vumbi, ameifunga. Nikamwambia sijauliza amefanya nini, nauliza ina nini. Akasema mzee mwenyewe anasikia imepungua. Niliondoka pale nimekasirika kuliko nilivyokuja, kwa sababu nilishaanza kuona kitu ambacho sikutaka kukiona.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, fundi alikuja kuirudisha kwa mtani wangu, nami nikawepo. Sebule yake naijua: ukiwa umekaa kwenye kiti chake kikubwa, spika ya kushoto iko dirishani na ya kulia iko karibu na kabati la vyombo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Fundi akaunganisha, santuri ikawekwa, mtani wangu akafumba macho. Muziki ulitoka safi pande zote mbili, na gitaa la pili lilikuwa pale dirishani linasikika wazi. Mtani akatikisa kichwa. Bado, akasema. Fundi akajibu, ndiyo mzee, bado kidogo.

Nikamwambia fundi abadilishe nyaya, ya kushoto aichomeke kulia na ya kulia kushoto. Akabadilisha. Mtani akasikiliza, akasema ya dirishani bado imepungua. Nikamwambia abebe spika zenyewe, ya dirishani iende kabatini na ya kabatini ije dirishani. Jasho likawa linamtoka fundi, na nadhani si la uzito wa spika. Mtani akasikiliza, akasema ya dirishani bado. Mkewe alikuwa ameacha kuchambua mchele. Nilimwangalia fundi, nikamwangalia yule mama, nikaona kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua, na kwamba wote walikuwa wanangoja mtu mwingine aseme.

"Simama, Mzigua," nikamwambia. "Geuza kiti."

Aliuliza kwa nini, nikamwambia mtani haulizwi. Akasimama, tukakigeuza kiti kikatazama mlango, akakaa mgongo wake ukiwa kwenye spika. Wimbo ukarudiwa tangu mwanzo. Alifumba macho, na uso wake ukafunguka. Kidole kikaanza kugonga mkono wa kiti. Sijawahi kuona mtu mzima amefurahi vile, na sijawahi kuchukia furaha ya mtu kama nilivyoichukia ile.

"Imepona," akasema. "Ya dirishani imepona kabisa. Sasa iliyokufa ni ya kabatini."

Nilikwenda nikapunguza sauti.

"Spika hazijageuka, mtani," nikamwambia. "Uliyegeuka ni wewe."

Mtani akainua mkono akaziba sikio la kulia kwa kiganja, akaungoja ule wimbo ambao ulikuwa bado unapigwa kwa sauti ndogo nyuma yake. Akaondoa kiganja. Akaziba tena. Kisha akamgeukia fundi, akamuuliza kama alikuwa anajua.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mzee," akasema, "wewe ukisema imepungua, mimi ni nani niseme haijapungua?"

Nilitaka kumrukia. Mtani wangu hakumkasirikia. Alicheka, kwa sababu mimi nilikuwepo na mtani hanuni, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Alisema sasa ameelewa kwa nini dukani wateja wanaosimama upande wa kushoto wanamlalamikia kwamba wameomba shuka wakapewa kanga. Alidhani watu wameanza kunong'ona. Alidhani ni mambo ya siku hizi, kwamba tangu biashara iwe huria kila mtu ana siri. Mkewe akasema polepole, macho yake kwenye ungo, kwamba yeye alihamia upande wa kulia wa kitanda zamani sana. Alipoona mumewe hajibu akiwa upande ule mwingine, alihama tu. Mumewe akamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa atamvunja moyo.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio. Sitamwandika hapa wala hospitali yake, maana yeye hana kosa. Alimwangalia kwa taa, akamuuliza kama miaka ya nyuma sikio lile lilikuwa linatoa maji. Mtani akasema ndiyo, lilitoa kidogo, likaacha, likatoa tena. Daktari akasema ugonjwa ule unatibika ukiwahiwa, na kama angekuja pale alipoanza kusikia vibaya sikio lingeokolewa. Pale alipoanza kusikia vibaya. Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Pale alipoanza kusikia vibaya alikuwa amewaambia wauza mitumba, akamwambia fundi, akaliambia soko zima kwamba upande wa kushoto unapungua. Alisema wazi, tena kila siku, kila mtu akamkubalia, na kila aliyemkubalia alimsogeza mbali na daktari.

Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, na kuzikwa kwake hakujanipunguzia. Watu wanalaumu soko huria kwa mambo mengi, na mengine ni kweli. Zamani yule karani wa duka la ushirika alikujibu hakuna kabla hujamaliza kuuliza, na kama kiatu hakikutoshi alikwambia wewe ndiye mwenye mguu mbaya. Tulimchukia. Sasa tumempata muuzaji mpya ambaye hakatai neno. Ukisema kitambaa hiki ni pamba, ni pamba mzee. Ukisema hakitachuja, hakitachuja. Tukadhani huyu ndiye anayetuheshimu. Kumbe tumechukua shikamoo yetu, ambayo mimi naipenda na sitaki iondoke, tukaichanganya na tamaa ya kuuza, na mchanganyiko wake ni mtu mwenye mvi kuzungukwa na vichwa vinavyotikisika kumkubalia. Kijana hasemi kwa sababu ya umri. Muuzaji hasemi kwa sababu ya biashara. Mke hasemi kwa sababu ya huruma. Na mtani, ambaye kazi yake ni kusema, mimi huyo, nilikuwa Tabora nahesabiwa miongoni mwa watu wa kupunguzwa.

Amplifaya zote aliziuza, isipokuwa ile ya Kintinku. Ile swichi ndogo ya pembeni ndiyo iliyomfanya aichague. Fundi, kwa aibu yake, aliikalia siku nzima mpaka akagundua kazi yake: ukiibonyeza inachanganya pande mbili za muziki na kuzitoa zote kwa kila spika. Vyombo vipya vyenye taa za disko havikuwa nayo. Mtani wangu aliiondoa spika ya dirishani, akabakisha moja upande wa kabatini, jirani na sikio lake zima, akabonyeza swichi, na gitaa la pili likarudi. Miaka yote iliyobaki alisikiliza hivyo. Mgeni akimwuliza kwa nini amplifaya nzuri namna ile ina spika moja, alimjibu kwamba ya pili imeliwa na shikamoo. Wengi walicheka bila kuelewa.

Siku ya kuanua tanga nilifanya kazi yangu ya utani niliyoikosa kaburini. Niliingia sebuleni mbele ya watu, nikaichomoa amplifaya ukutani, nikaibeba kifuani huku nikisema Mzigua amekufa na deni la matusi yangu, naondoka na mali yake mpaka nikombolewe. Ndiyo desturi: mtani anakamata kitu, watu wanacheka kidogo katikati ya kilio, wenye msiba wanatoa chochote, kitu kinarudi. Nilisimama mlangoni nasubiri. Mwanawe mkubwa akaingia ndani kwa mama yake aliye kwenye eda, akatoka, akaniambia, "Mama anasema hatukomboi, mzee. Baba alisema ukija kuikamata tukuache uende nayo."

Basi nikasimama pale na ule uzito mikononi, mtani niliyeshindwa na maiti. Watu walinipa pole. Kijana mmoja akanisaidia kuibeba na njiani akaniambia anasoma safu yangu kila wiki na hajawahi kuona makala mbaya hata moja. Nilimshukuru. Tulipofika Mandewa nilikuwa na huzuni ambayo sikuwa nayo msibani. Nilikuwa nimetambua kwamba mjini hapa sasa hakuna tena mtu wa kuniambia amelala katikati ya makala yangu.

Nikamwita yule fundi aje kuifunga. Naye ameanza kuota mvi sasa. Aliniamkia, akaweka spika zangu mbili, moja kila upande, nikamwambia aifungue ile swichi ili muziki urudi pande mbili, kwa kuwa mimi nina masikio yangu yote. Nikakaa. Kaseti ikaanza, nikasikiliza kwa muda. Sijui kama nilisikia kweli au nilikuwa namjaribu, ila nilimwambia naona kama upande wa kulia umepungua.

Fundi alipangusa mikono yake kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja, akaitazama amplifaya, akanitazama mimi. Niliona jibu la zamani limefika mdomoni mwake, na niliogopa.

"Mzee, samahani sana," akasema. "Naomba usimame kidogo tugeuze kiti."

Nimekuwa nikipokea shikamoo kwa miaka mingi na hiyo ndiyo nzito kuliko zote nilizowahi kupewa. Kwa hiyo nyinyi mlio wadogo kwangu, na kwa wazazi wenu, na kwa wakubwa wenu wa kazi, endeleeni kutuamkia, tunapenda. Lakini mkishatuamkia msituache tumekaa tunalaumu spika. Mimi nilisimama siku ile, nikashika upande mmoja wa kiti, fundi akashika wa pili.